Damu ukeni isiyo ya kawaida: namna ya kujua ni hospitali sasa hivi, leo au wiki hii

Maswali ni yaleyale. "Mwezi huu nimeingia mara mbili, ni kawaida?" "Nimechoma sindano ya uzazi wa mpango, damu haikati." "Mama ana miaka 58, siku zake zimerudi." Na jibu la barazani nalo ni lilelile: hilo chango, litatulia. Mara nyingi hutulia kweli. Ila zipo damu zisizofaa kusubiriwa hata mpaka alfajiri, na ukizitazama kwa macho tu hazina tofauti na nyingine. Zinajulikana kwa hesabu: pedi ngapi, siku ngapi, mimba ipo au haipo, na mwenyewe ana umri gani.

Mwongozo huu ni wa mwanamke aliyepo Tanga, mjini au wilayani, na wa yeyote anayemuuguza. Utakufikisha kwenye mlango sahihi kwa wakati. Ugonjwa wenyewe utajulikana kwa kupimwa.

Kuwa na hivi kabla hujaanza

- Daftari dogo na kalamu, au kalenda ya ukutani.
- Pedi za aina moja. Kama unatumia vitambaa, vikate vyote kipimo kimoja, la sivyo hesabu haitakuwa na maana.
- Saa. Ya simu inatosha.
- Kipimo cha mimba kutoka duka la dawa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti.
- Kadi ya uzazi wa mpango au ya kliniki, na majina ya dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba.
- Namba ya mwenye bajaji anayepokea simu usiku, na nauli iliyowekwa kando. Kama unaishi ng'ambo ya mto Pangani, upande wa Bweni, ingiza na muda wa kivuko kwenye mahesabu yako.

Hatua ya 1. Tafuta dalili za kukimbia nazo

Ukiona hata moja kati ya hizi, acha kusoma, nenda sasa hivi:

- Pedi inalowa yote ndani ya saa moja, na imekuwa hivyo kwa saa mbili mfululizo.
- Ukisimama unaona kizunguzungu au giza, umezimia, moyo unakwenda mbio, jasho la baridi linakutoka.
- Una mimba, au huenda unayo, na damu imekuja pamoja na maumivu ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, au maumivu kwenye ncha ya bega.
- Mimba ni ya miezi 7 au zaidi na damu yoyote imetoka, hata bila maumivu.
- Umejifungua, na pedi inalowa chini ya dakika 5, au damu inaongezeka badala ya kupungua.
- Mimba imetoka au umejifungua, kisha una homa, au uchafu unaotoka unanuka.
- Mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo anatoka damu, au mtu yeyote ameumizwa au kuingiliwa kwa nguvu.

Hii ya mwisho ina utaratibu wake. Matibabu kwanza, na fomu ya polisi, ile PF3, ifuatiliwe wakati mgonjwa yupo mikononi mwa wahudumu. Asioge wala kujisafisha, na nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi au khanga kavu, zisitiwe kwenye mfuko wa plastiki. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Akiwa mtoto, namba ya msaada wa watoto ni 116. Kichanga wa kike wa siku chache ana habari tofauti: matone kidogo ya damu katika wiki ya kwanza hutokana na homoni za mama yake, nayo huisha yenyewe.

Hatua ya 2. Hakikisha damu inatoka ukeni

Wengi huruka hatua hii na kuishia kutibiwa kisichowauma. Chukua vitambaa vitatu vyeupe, safi. Kojoa kwenye chombo cha wazi na utazame mkojo wenyewe, kisha futa mbele kwa kitambaa cha kwanza. Futa nyuma kwa cha pili. Cha tatu kiweke kwenye chupi na ukae nacho nusu saa. Damu ikiwa nyuma tu, fikiria bawasiri au mpasuko. Ikiwa kwenye mkojo, hasa matone ya mwisho unapomaliza kukojoa, fikiria kichocho, maana ukanda wetu unacho, na aliyekulia karibu na mto au bwawa akioga humo asishangae. Kichocho huathiri pia mlango wa kizazi na kuleta damu baada ya tendo la ndoa, kwa hiyo mtajie daktari hayo maji uliyokuwa ukioga.

Usiingize vidole wala kitu chochote ukeni kutafuta chanzo. Mwenye mimba kubwa ndiyo kabisa: kondo la nyuma likiwa limetangulia, kidole kimoja kinaweza kufungulia damu isiyozuilika. Hata hospitali hawapimi kwa vidole mpaka ultrasaundi ionyeshe kondo limekaa wapi.

Hatua ya 3. Pima mimba, hata kama una uhakika huna

Yeyote aliyekutana na mwanaume katika miezi ya karibuni na bado anapata hedhi apime. Kuwa na kijiti cha uzazi wa mpango, kukosa sindano yake mara moja tu, kunyonyesha, kuwa na miaka 46: hakuna hata kimoja kinachokutoa kwenye kipimo.

Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, lakini kama damu ni nyingi usingoje asubuhi. Fuata maelezo ya pakiti na usome jibu ndani ya muda ulioandikwa, kwa kawaida kama dakika 5. Mistari miwili ni mimba, hata ule wa pili ukiwa hafifu. Mstari mmoja kwenye C (alama inayoonyesha kipimo kinafanya kazi), mimba haijaonekana. Kama C haina mstari, kipimo kimeharibika, chukua kingine. Ikisema huna, na siku zako zilikuwa zimechelewa, rudia baada ya siku 3 hadi 7.

Jibu likiwa ndiyo na damu inatoka, hata matone, nenda siku hiyohiyo. Wengine mimba itaendelea salama. Wengine itakuwa inaharibika. Na wachache wana mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hao ndio wanaotupa hofu zaidi, kwa sababu kwenye pedi wanaona matone ya kahawia tu huku damu nyingi inamwagikia tumboni. Hujitokeza zaidi wiki ya 6 hadi ya 8 tangu hedhi ya mwisho, wakati mwanamke mwenyewe bado anadhani amechelewa kidogo na sasa "zimekuja". Bega linauma kwa kuwa damu iliyo tumboni inachokoza kiwambo kinachotenga tumbo na kifua. Mrija wa uzazi ukipasuka, unachohitaji ni upasuaji, na kila saa ina uzito.

Kama ulimeza au uliwekewa kitu ili mimba itoke, mwambie mhudumu. Anahitaji kukijua ili akutibu, na huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa bila kujali iliharibikaje. Uliza pia kundi lako la damu: mwenye kundi hasi huenda akahitaji sindano maalumu ndani ya saa 72 ili mimba zijazo zisipate matatizo.

Hatua ya 4. Hesabu wingi

"Nyingi" haimsaidii daktari. Kila unapobadilisha, andika saa na hali ya pedi: matone, nusu, au imelowa yote. Mwenye vitambaa akunje mikunjo minne na aangalie damu imepenya mikunjo mingapi. Mabonge yapime kwa kidole gumba: bonge lililozidi upana wa gumba la mtu mzima, yaani kama sentimita 2 na nusu, andika.

Ukurasa mzuri wa daftari unasomeka hivi:

*Jumatatu. Siku ya 3. Pedi 9, sita zimelowa zote. Mabonge 4 kuzidi gumba. Niliamka usiku mara 2 kubadilisha, shuka lilichafuka. Nilipanda ngazi nikahema.*

Kwa mistari hiyo tu mhudumu ameshajua pa kuanzia. Damu hii haijafikia ile ya Hatua ya 1, lakini si hedhi ya kawaida. Kuvaa pedi mbili kwa pamoja, kuamka usiku kubadilisha, mabonge makubwa, kushindwa kwenda sokoni au kazini kwa kuogopa kuchafuka: ukiwa na mojawapo kila mwezi, umeshakuwa mgonjwa wa kutibiwa, hata kama mama yako na dada zako nao "wako hivyohivyo". Pengine nao walihitaji kutibiwa.

Hatua ya 5. Hesabu siku

Mzunguko unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi hadi siku ya kwanza ya inayofuata. Ukianzia siku uliyotoharika, hesabu yote inaharibika. Wa kawaida ni siku 24 hadi 38, na damu isizidi siku 8. Aliyeanza tarehe 2 akaanza tena tarehe 28 amepata siku 26, na yuko sawa kabisa ingawa ameingia mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Aliyeanza tarehe 2 na tena tarehe 17 hayuko sawa.

Wanawake wengi wa Tanga wameshazoea kuhesabu kwa ajili ya swala, na hiyo ni faida kubwa, somo (kungwi) alishawafundisha kazi nusu. Tatizo ni kipimo. Wanaofuata madhehebu ya Shafi huhesabu hedhi mpaka siku 15, kinachozidi hapo ni istihadha, yaani damu isiyohesabiwa hedhi. Hesabu hiyo ni ya ibada na ibaki hapo. Kwa afya, damu iliyopita siku 8 tayari inatosha kwenda kupimwa. Asisubiri ya 15 akiwa anapauka.

Msichana aliyevunja ungo karibuni anaweza kukaa miaka 2 au 3 mizunguko ikirukaruka, hilo msiogope. Lakini akilowesha pedi chini ya kila saa mbili, au akiwa pia anatoka damu puani na kwenye fizi mara kwa mara, apimwe damu: huenda ana tatizo la damu kutoganda.

Hatua ya 6. Angalia imekuja wakati gani

*Baada ya kukoma hedhi.* Miezi 12 kamili ikipita bila hedhi, umekoma. Damu yoyote baada ya hapo, tone moja, ya waridi au ya kahawia, inataka kupimwa ndani ya wiki hii. Siku hazirudi. Hapa tunasisitiza kuliko popote, maana bibi na mama zetu hulichukulia kama neema ya ujana, au huona haya kulisema mbele ya watoto. Wengi wao watakutwa na ukavu wa uke au kinyama kidogo. Baadhi watakutwa na saratani ya kizazi, na damu hiyo ndiyo onyo la mapema, wakati upasuaji bado unafaa. Ultrasaundi hupima unene wa ukuta wa ndani wa kizazi: ukizidi milimita 4, huchukuliwa sampuli. Kipimo cha siki cha mlango wa kizazi peke yake hakimtoshi aliyekoma hedhi, kwa sababu sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imejificha ndani. Anayetumia vidonge vya tamoksifeni kwa saratani ya matiti asingoje hata wiki.

*Baada ya tendo la ndoa.* Ikitokea mara moja kwa bikira, inaeleweka. Ikijirudia kwa mtu mzima, nenda wiki hii. Inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa kichocho, na inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa saratani za wanawake Tanzania. Kipimo cha siki huchukua dakika chache: mlango wa kizazi unapakwa, sehemu yenye tatizo hugeuka nyeupe. Kuanzia miaka 30 kipime hata bila dalili. Mwenye VVU aanze mapema zaidi.

*Ukiwa kwenye uzazi wa mpango.* Sindano na kijiti huvuruga damu miezi ya mwanzo, matone hapa na pale, kisha wengine hukauka kabisa. Kitanzi cha shaba huongeza hedhi kwa miezi 3 hadi 6. Hayo vumilia ukiweza. Rudi kliniki kama damu imezidi siku 8, au ni mara mbili ya uliyozoea, au ilikuwa imetulia kisha ikaanza upya. Zipo dawa za kuituliza bila kutoa njia, na kama hutaki tena, kijiti kitolewe na aliyefunzwa kukitoa. Aliyemeza P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) anaweza kuona matone, na hedhi kuwahi au kuchelewa kwa takriban wiki. Ikipita wiki, pima mimba.

*Ndani ya arobaini.* Damu ya uzazi huanza nyekundu, huenda kahawia, kisha njano nyeupe. Ikirudi nyekundu na nyingi ghafla wiki ya pili au ya tatu, kuna uwezekano mabaki yamebaki au kuna maambukizi. Usimalize arobaini ndani ya nyumba, toka, nenda.

Hatua ya 7. Chagua mlango

*Sasa hivi:* dalili za Hatua ya 1. Nenda moja kwa moja panapoongezwa damu na kufanyiwa upasuaji. Mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Wilayani ni hospitali, kama Teule ya Muheza au Magunga ya Korogwe. Usipitie duka la dawa njiani.

*Leo:* mimba na damu yoyote ambayo haikuangukia Hatua ya 1; damu iliyopita siku 8 na bado inatiririka; weupe wa viganja na kuchoka kusiko kwa kawaida.

*Wiki hii:* damu baada ya kukoma hedhi, baada ya tendo, katikati ya mizunguko kwa miezi 2 au zaidi, au hedhi nzito kila mwezi. Kituo cha afya kilicho karibu, kama Makorora, Ngamiani au Pongwe, ni pa kuanzia.

Hatua ya 8. Nenda hata kama bado unatoka damu

Kosa kubwa ni kusubiri ikauke ndipo uende "ukiwa safi". Wahudumu wameshazoea. Oga mwili, ila usijioshe ndani ya uke, utafuta wanachokitafuta. Sema kwa mpangilio huu: umri, siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, jibu la kipimo cha mimba, pedi kwa siku, dawa. Kisha mpe daftari.

Tarajia kupimwa mkojo, wingi wa damu mwilini (himoglobini), na kutazamwa kwa kifaa cha kufungua uke. Ukitaka muuguzi wa kike awepo, omba. Wingi wa damu wa mwanamke asiye na mimba unapaswa kuwa 12 au zaidi, mwenye mimba 11. Andika namba uliyopewa. "Damu imepungua kidogo" si jibu la kuondoka nalo.

Usifanye haya

Usimeze aspirini kwa maumivu, inazidisha damu. Ibuprofeni hupunguza kiasi cha hedhi, lakini mwenye mimba au vidonda vya tumbo asiiguse. Usiweke shabu, asali, kitunguu saumu wala dawa yoyote ya kienyeji ukeni: shabu huunguza ngozi, na kidonda kitaleta damu yake juu ya ile ya kwanza. Kujifukiza hakufiki kwenye kizazi. Na vidonge vya "kukata damu" kutoka dukani, kabla ya kipimo cha mimba, vinaweza kukutuliza moyo huku mrija unavimba.

Ukikwama

*Ni usiku na hakuna usafiri.* Mwenye mimba au aliyejifungua karibuni apige 115, ni bure, ndiyo namba ya usafiri wa dharura wa m-mama. Wakati wa kusubiri alale chali, miguu juu ya mto. Mimba ikiwa kubwa alalie ubavu wa kushoto. Afunikwe khanga asipate baridi. Asile, huenda akahitaji upasuaji. Mwenye kizunguzungu asipakiwe bodaboda, apande bajaji na mtu wa kumshika.

*Kipimo cha mimba kinasema huna, lakini tumbo linauma upande mmoja.* Nenda leo, omba ultrasaundi. Kinaweza kuwa kimewahi mno, na uvimbe wa kifuko cha mayai nao huuma hivyo.

*Nyumbani wanasema tusubiri.* Waonyeshe daftari, wasomee idadi ya pedi. Mume au mkwe akiona "pedi 9, mabonge 4" huelewa haraka kuliko akiambiwa "naumwa".

*Damu imekata kabla hujafika.* Kama ulikuwa na mimba, umekoma hedhi, au ilitokea baada ya tendo, endelea na safari.

*Ulipewa vidonge, ikakata, imerudi.* Rudi, na safari hii omba ultrasaundi kutazama kama kuna uvimbe kwenye kizazi. Ukiwa na miaka 45 au zaidi, uliza pia kuhusu sampuli ya ukuta wa kizazi. Usikubali mzunguko wa tatu wa vidonge vilevile bila kipimo kipya.

*Umepewa vidonge vya kuongeza damu na hupati nafuu.* Uliza unavimezaje. Ukivimeza na chai, madini ya chuma hayaingii mwilini ipasavyo. Acha ipite saa moja au mbili kabla ya chai. Vimeze na maji na chungwa la Muheza, hilo husaidia. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Hamu ya kula udongo au barafu nayo ni dalili ya chuma kupungua, itaje. Endelea navyo mpaka muda uliopangiwa uishe hata ukijisikia mzima, kisha rudi upime tena wingi wa damu, na namba mpya uiandike chini ya ile ya kwanza.